Kichwa Kilichobeba Nchi: Historia ya Mizani ya Mwili, kutoka Uluba hadi Manono

Masimulizi ya Waluba juu ya mwanzo wa ufalme wao yana kisa cha ngoma iliyochezwa kando ya shimo. Nkongolo, mtawala aliyeogopwa, alimwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, kijana hodari wa vita na wa michezo. Akaagiza shimo lichimbwe uwanjani, mikuki isimikwe ndani ncha zikielekea juu, kisha mkeka utandikwe juu yake. Akamwalika kijana aje acheze mbele ya watu. Wasimulizi hawakubaliani katika kila jambo, lakini wengi husema mpiga ngoma alimtahadharisha kwa mdundo. Kalala Ilunga akacheza akiuzunguka mkeka, akaujaribu uwanja kwa mkuki wake, na mkuki ukazama. Akaruka, akakimbia, akavuka mto Lualaba, na baadaye akarudi na jeshi kuutwaa ufalme.

Waluba hao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi inayoizunguka Manono, mji wa madini ulioko katika mkoa wa Tanganyika, ambao makao yake makuu ni Kalemie. Ni nchi ambayo kwa vizazi vingi riziki, vita na biashara vimetegemea mtu mwenye uwezo wa kusimama wima na kwenda mbali akiwa na uzito mkubwa juu yake. Vitabu vya historia vimeandika majina ya machifu, wavumbuzi na makampuni. Vichwa vilivyobeba mizigo yao havikuandikwa, ingawa bila vichwa hivyo hakuna hata mmoja wao ambaye angefika popote.

Wachongaji walilijua jambo hili mapema. Katika karne ya 19 alikuwako fundi wa eneo la Buli, kando ya Lualaba, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwita Bwana wa Buli kwa kukosa jina lake. Viti vyake vya kichifu vinatambulika mara moja: mwanamke mwenye uso mrefu uliokonda, macho yameinama, na kiti chote kimekaa juu ya kichwa chake. Mikono imeinuliwa, lakini vidole virefu vinakigusa kiti ukingoni tu. Aliyechonga hivyo alikuwa ametazama watu wakibeba. Mzigo uliotwikwa vizuri hukaa kwa shingo na uti wa mgongo, na mkono huja kuusindikiza. Kimoja cha viti hivyo kipo leo katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Chifu alikalia kiti, na kiti kilikalia kichwa cha mwanamke. Maelezo ya utawala wa nchi yalikuwa yamekamilika katika kipande kimoja cha mti.

Nchi hii iligeuka kuwa nchi ya wabebaji kwa sababu moja kubwa ambayo ni ndogo kwa umbo: mbung'o. Katika misitu ya miombo na mabonde ya mito, inzi huyo aliwaua punda, ng'ombe na farasi kwa ugonjwa wa nagana. Njia ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika hadi Manyema ilikuwa ndefu, na mnyama wa mizigo hakuweza kuimaliza. Akabaki binadamu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake.

Kila kundi lilikuwa na namna yake. Wanyamwezi, mabingwa wa njia hiyo, walipenda kubeba begani. Watu wa pwani, waungwana wa Zanzibar, walijitwika kichwani juu ya kata. Pembe kubwa ya ndovu, iliyomzidi mtu mmoja, ilifungwa kwenye mti na kubebwa mzegazega na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kazi ya mzegazega ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu miguu minne lazima iende kwa hatua moja. Wa mbele akijikwaa, wa nyuma hujua kwa bega lake kabla ya kuona kwa macho.

Mwaka 1867 mvumbuzi David Livingstone alikutana na mfanyabiashara wa pembe Hamed bin Muhammed, ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, katika nchi ya kati ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika. Tippu Tip alikuwa ametoka kumshinda Nsama, chifu wa Itabwa, na kuteka akiba yake ya pembe. Shehena hiyo yote ilitoka Itabwa kwa nguvu za watu. Wako waliobeba kwa mshahara na heshima ya kazi, na wako waliobeba kwa mnyororo, wakitwikwa pembe leo na kuuzwa pamoja nayo kesho. Ukibebwa na mtumwa au na mpagazi wa kulipwa, uzito ni ule ule. Mwenye mnyororo alibeba akiwa hawezi kuutua alipochoka.

Livingstone mwenyewe alimaliza safari zake akiwa mzigo. Alipokufa kijijini kwa Chitambo mwezi Mei 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakauzungushia gome la mti na turubai, wakaufunga kwenye mti na kuuchukua hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwaka huo huo Verney Lovett Cameron alikuwa akivuka Tanganyika na kuukuta mto Lukuga unapotoka ziwani, pale Kalemie ilipo sasa. Na mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita akielekea Nyangwe na mashua yake Lady Alice, iliyokatwa vipande na kupandishwa vilima na kuteremshwa mabonde juu ya watu. Wazungu hawa waliandika sana juu ya homa na wanyama wakali. Juu ya namna mtu anavyovuka gogo la utelezi akiwa na kilo 30 kichwani bila kutumbukia mtoni, waliandika machache.

Hawakuwa na la kuandika, kwa kuwa wakati huo hata madaktari wao walikuwa hawajakubaliana mwili unajuaje kwamba umesimama. Tangu kale walihesabu hisi tano. Hii ya sita, hisi ya mizani, ilikaa imejificha kwa sababu ikiwa nzima haijitangazi. Mtu huijua siku inapomtoka.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na njiwa. Huko Paris, katika miaka ya 1820, Pierre Flourens alikata mifereji midogo ya nusu duara iliyomo ndani ya sikio la njiwa. Ipo mitatu katika kila sikio, na kila mmoja umeelekea upande wake. Njiwa hakuwa kiziwi. Ulipokatwa mfereji uliolala, alizungusha kichwa kushoto na kulia bila kukoma. Ulipokatwa uliosimama, alipinduka kichwangomba. Flourens aliona yote hayo na bado hakutambua kwamba ameshika kiungo cha hisi.

Mwaka 1861 daktari mwingine wa Paris, Prosper Ménière, aliyeongoza taasisi ya viziwi, alisimama mbele ya chuo cha tiba na kueleza kwamba watu wanaopatwa na kizunguzungu cha ghafla, kutapika na mvumo masikioni wana ugonjwa wa sikio la ndani. Siku hizo kizunguzungu kilihesabiwa kuwa damu imejaa ubongoni, na mgonjwa alitolewa damu hadi akalegea. Katika miaka ya 1873 hadi 1875, Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown, kila mmoja kwa njia yake, walifikia jibu. Ndani ya mifereji ile mna majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, yanasukuma vinyweleo laini, na vinyweleo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu. Mifereji mitatu inatosha kutambua kila mgeuko: kuitikia, kukataa, na kuinamisha kichwa begani.

Kando ya mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye vijiwe vya chokaa vidogo mno, vimekaa juu ya utando laini. Kazi yake ni ile ya timazi ya mwashi: kuonyesha chini ni wapi. Kichwa kikiinama, vijiwe huvuta utando kuelekea ardhini na ubongo hupata habari. Mwaka 1893 Alois Kreidl wa Vienna alilithibitisha jambo hili kwa kamba wa baharini. Kamba anapojivua gamba hupoteza chembe za mchanga zilizokuwa katika kifuko chake cha mizani, na lazima ajitilie nyingine. Kreidl alimpa vumbi la chuma badala ya mchanga. Alipoweka sumaku juu yake, kamba aligeuka tumbo likawa juu. Kwake yeye sumaku ilikuwa ndiyo ardhi.

Samaki wote wa mifupa wana vijiwe hivi pia. Ndagala na mikebuka wanaovuliwa usiku kwa taa mbele ya Kalemie hubeba kichwani vijiwe vinavyoongezeka tabaka kwa tabaka, na wataalamu wa uvuvi huvipasua na kuhesabu duara zake ili kukadiria umri wa samaki. Kwa ndege, anayetaka ushahidi hahitaji kwenda Paris. Mshike kuku kwa mikono miwili, umsogeze mwili kushoto, kulia, juu na chini, polepole. Kichwa hubaki pale pale hewani huku shingo ikirefuka na kufupika. Ubongo wake umepata habari kutoka sikioni na shingoni, na umeamuru shingo ifute kila mwendo ili macho yasichezecheze. Mwanadamu hufanya hayo hayo kwa macho yake kila anapotembea.

Mtafiti wa Marekani William James aliongeza jambo mwaka 1882. Aliwazungusha viziwi 519, na 186 kati yao hawakusikia kizunguzungu chochote. Ugonjwa uliowanyima kusikia ulikuwa umewanyima na mizani ya sikio. Hata hivyo walitembea, kwa kuwa sikio si shahidi pekee. Macho humwambia mtu ukuta umesimama vipi. Nyayo, misuli na viungo humwambia uzito wake umeegemea wapi. Ubongo hupokea ushahidi wa wote watatu na kutoa hukumu. Mmoja akinyamaza, wawili waliobaki hujikaza. Viziwi wa namna hiyo walipata taabu gizani, au ndani ya maji, ambako macho na nyayo haviwezi kutoa ushahidi.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na historia mbili zikaenda sambamba bila kujuana. Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna, alikuwa amegundua kwamba maji ya baridi yakimiminwa sikioni, macho ya mgonjwa huanza kurukaruka kuelekea upande mmoja, na ya moto huyarusha upande wa pili. Kwa kipimo hicho rahisi daktari aliweza kwa mara ya kwanza kuujua uzima wa kila sikio peke yake. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, habari ikamkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi. Aliachiliwa mwaka 1916.

Mwaka huo huo wa 1916 majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yalivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani na kuingia Tabora mwezi Septemba. Reli ya Kabalo hadi ziwa Tanganyika ilikuwa imekamilika mwaka mmoja tu kabla, na ng'ambo ya ziwa hakukuwa na barabara ya kutegemewa. Wanahistoria wanakadiria kwamba Wabelgiji walitumia wachukuzi wapatao 260,000 katika vita hivyo. Upande wa Waingereza, jeshi la wachukuzi liliacha jina lake katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Risasi, unga, mahema na majeruhi vyote vilipanda milima juu ya vichwa na mabega. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, njaa na baridi ya nyanda za juu. Ulaya ilimpa tuzo aliyeeleza mizani ya mwili. Walioitumia kwa mamilioni ya hatua walizikwa kando ya njia.

Baada ya vita ikaja zamu ya Manono. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines, iliyoundwa mwaka 1910, ilianza kuchimba kasiterite, mawe yenye bati, hapo mwaka 1919. Katika miaka ya 1930 umeme uliletwa kutoka maporomoko ya Piana Mwanga katika mto Luvua. Mashine zilikuja, mikanda ya kusafirishia udongo ikaja, malori yakaja. Kwa mara ya kwanza kilo 30 ziliweza kwenda mbali bila shingo ya mtu. Lakini nyumbani, maji, kuni, mihogo na unga viliendelea kupita pale pale: kichwani kwa mama na binti.

Maendeleo hayo hayakudumu. Katika miaka ya 1980 bei ya bati ilianguka, uchimbaji mkubwa ukasimama, na vita vya mwisho wa miaka ya 1990 vikamaliza kilichobaki, pamoja na umeme wa Piana Mwanga. Barabara zikarudi kuwa vijia. Mchimbaji wa mkono akatwaa sululu na koleo, na gunia la kasiterite likarudi begani. Baisikeli, ambayo watu wa Katanga huiita kinga, ikawa lori la maskini. Anayeisukuma haiketii. Hufunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, hupanga magunia pande zote mbili, hulalia mzigo kwa bega na kwenda hivyo siku baada ya siku. Huko Goma vijana huteremka vilima kwa chukudu, baisikeli ya mbao isiyo na pedali, na mji umewajengea sanamu. Mwanamke anayebeba bidoni ya maji hajajengewa yake.

Hebu tumtazame yeye kwa karibu, hapo Manono, mtoni Lukushi. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na mwenye ndoo wazi huweka tawi la majani juu ili maji yasicheze na kumwagika. Anasokota kitenge, anakizungusha kuwa kata, anakikaza utosini. Anachuchumaa mgongo ukiwa wima. Mwenzake anamtwika, maana kujitwika peke yake ndiko kunakovunja migongo. Anatulia kidogo kabla ya hatua ya kwanza, shingo ikitafuta mahali pa uzito. Akishapata, anainuka na kwenda. Mabega hayapandi, macho yako mbele. Nyonga zinacheza ili kichwa kisicheze. Akiitwa jina, hageuzi shingo. Hugeuka mwili mzima. Hakuzaliwa na ustadi huo. Alianza utotoni na kopo dogo, likamwagika, akachekwa, akarudi mtoni. Kila kopo lilimfunza ubongo wake kulinganisha sikio, macho na nyayo.

Mwaka 1986 mwenendo huo hatimaye ulipimwa. Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Norman Heglund, Richard Taylor na wenzao, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima wanawake wa Kenya. Wajaluo walibeba utosini, na Wakikuyu walibeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine huku pumzi zao zikipimwa ili kujua nguvu wanazotumia. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa kufikia asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanavyotumia wakitembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60, basi, anabeba kilo 12 bila gharama ya ziada. Wanaume wa mataifa mengine waliopimwa wakiwa na mzigo mgongoni walianza kulipa tangu kilo za mwanzo.

Mwaka 1995 Heglund na wenzake wa Ubelgiji na Italia walieleza sababu. Katika kila hatua mwili wa binadamu hupanda kidogo juu ya mguu unaokanyaga, kisha hushuka mbele. Nguvu ya kupanda inaweza kurudishwa wakati wa kushuka, lakini kwa mtu wa kawaida sehemu yake hupotea njiani na misuli hulazimika kuifidia. Wanawake wale, wakishatwikwa, hupoteza kidogo zaidi kuliko walipokuwa hawana mzigo. Uzito wenyewe huwafanya watembee kwa ufundi zaidi.

Habari hiyo ilipendwa sana duniani, na ikazaa hadithi kwamba mwanamke wa Kiafrika habebi kitu kwa shida. Utafiti haukusema hivyo. Bidoni iliyojaa ni kilo 20, wala si 12, na wanawake wa Afrika Mashariki wameonekana wakibeba hadi asilimia 70 ya uzito wao. Juu ya ile asilimia 20, kila kilo inalipiwa. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walipima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini, wakaona kwamba kwa wastani kubeba kichwani hakukuwa nafuu kuliko kubeba mgongoni, na kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa. Wengi walilalamikia shingo. Mwaka 2002 uchunguzi wa picha za mionzi za wachukuzi wa kuni wa Kongo ulikuwa umeonyesha kwamba pingili za shingo zao zimechakaa kuliko za wasiobeba. Ubongo unajifunza, ila mfupa una mpaka wake.

Sura ya mwisho ya historia hii inahusu dawa. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, Albert Schatz alipata streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuushinda ugonjwa wa kifua kikuu. Ilikuwa neema, hasa kwa wachimbaji wa madini, ambao vumbi la mawe huwafungulia mlango wa ugonjwa huo. Mara tu baada ya dawa kuanza kutumika, madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wakipona kifua na kubaki wakiyumba. Dawa ilikuwa imeviunguza vile vinyweleo vya sikio la ndani, na vikishakufa havioti tena. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliyepatwa na hayo aliandika kisa chake akijitia herufi J.C. tu. Alisema kwamba akilala kitandani alilazimika kuegemeza kichwa chake kwenye vyuma vya kitanda ili aweze kusoma, kwa sababu mapigo ya moyo yalitosha kuzichezesha herufi. Njiani hakuweza kuwatambua watu mpaka asimame.

Mtu wa namna hiyo akiwa karani mjini atahangaika. Akiwa mama wa Manono, ambaye maji yake, kuni zake na unga wake vinapita kichwani, amepoteza chombo chake cha kazi. Gizani, kwenye kijia cha mawe, macho hayamsaidii, na sikio limenyamaza. Watu husema amelogwa, au amezeeka kabla ya siku zake. Dawa za jamii ya streptomaisini bado zipo. Jentamaisini huokoa watoto wachanga wenye maambukizi makali, na amikasini hutumika pale ambapo nyingine zimeshindwa. Shirika la Afya Duniani liliacha mwaka 2019 kupendekeza kanamaisini kwa kifua kikuu sugu, moja ya sababu ikiwa madhara yake kwa sikio. Kwenye sindano hizi, kipimo, idadi ya siku na uzima wa figo za mgonjwa ndivyo vinavyoamua atatoka hospitalini akitembea vipi.

Zipo pia habari njema. Kizunguzungu cha kawaida kuliko vyote, kile kinachompata mtu anapojigeuza kitandani au kuinua uso juu na kuisha ndani ya dakika moja, Bárány alikieleza mwaka 1921. Husababishwa na vijiwe vya timazi kubanduka na kuingia katika mfereji usio wake. Mwaka 1980 John Epley wa Oregon alionyesha kwamba vinaweza kurudishwa mahali pake kwa kumlaza mgonjwa na kugeuza kichwa chake hatua kwa hatua, kwa mpangilio maalumu. Njia hiyo haihitaji dawa, mashine wala umeme. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuifanya katika kituo cha afya chochote cha Tanganyika, juu ya kitanda cha kawaida.

Leo dunia inaitazama tena Manono, safari hii kwa ajili ya lithiamu, na makampuni yanagombea mwamba ule ule ambao Géomines iliufuatia bati. Zikija barabara, zitajengwa kwanza kwa ajili ya madini. Wakuu wa mkoa na wa makampuni wakumbuke kwamba ustadi wa kubeba usigeuzwe kisingizio cha kumnyima anayebeba bomba la maji. Na wewe msomaji, ukichomwa sindano za viuavijasumu kwa siku nyingi, kisha ukaanza kuyumba, kusikia mvumo masikioni au kuona vitu vikicheza unapotembea, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Usisubiri dozi iishe, wala usiiache kimyakimya. Sikio la ndani likishaunguzwa, hakuna dawa ya kulirudisha.